Mwaka Niliokataa Kuchezesha Midomo

Waliponipa kipaza sauti kule Doonside, msibani kwa Papa Deo, ili niseme dakika mbili juu yake, nilikirudisha mezani nikaenda kukaa. Watu walidhani nimeshindwa na machozi. Machozi yalikuwepo, sikatai, lakini hayakuwa sababu. Mtu aliyepiga kinanda nyuma yangu mwaka mzima, aliyenifundisha kusimama mbele za watu bila magoti kugongana, hamalizwi kwa dakika mbili kati ya sala na wali. Nyumba ilikuwa imefurika, viatu vimerundikana mlangoni, akina mama wako jikoni wanabishana kuhusu chumvi, na vijana wamekaa kwenye ngazi za nyuma na simu zao. Mmoja wao, mjukuu wa marehemu, alinionyesha kipande cha filamu ambamo nimeigiza muuguzi mkali, akaniuliza, "Auntie, ni kweli ulianza kama wedding singer?" Aliuliza kwa huruma, kana kwamba ananiuliza kama niliwahi kulala njaa. Nikamjibu ni kweli, niliimba harusini, na bosi wangu alikuwa babu yake. Akacheka, akarudi kwenye simu. Basi haya niliyokataa kuyasema kwenye kipaza sauti nayaandika hapa kwa nafasi yangu, na mwenye haraka aende akale.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikotoka na jinsi nilivyofika sitaeleza. Nimeshaulizwa hayo na maofisa wa kutosha. Niliishi Guildford, kitongoji cha huku ughaibuni, nimepanga chumba kwa Mama Riziki, mwanamke mnene wa maneno machache aliyefanya kazi ya kutunza wazee na kuimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa. Chumba changu kilikuwa zamani sehemu ya jikoni, mtu akakigawa kwa ubao mwembamba, hivyo nilikuwa nikilala na harufu ya sombe, yaani kisamvu, na kuamka na harufu ya chai ya tangawizi. Kila kilichosemwa jikoni nilikisikia, nitake nisitake. Jumapili baada ya ibada Mama Riziki alikuwa akipiga simu. Aliwapigia watu wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Nairobi, watu ambao hata hakuwafahamu vizuri, na wote aliwauliza swali moja: kama kuna aliyemwona mdogo wake, Riziki. Walipotezana barabarani siku ya kukimbia, na tangu siku hiyo hakuna aliyeleta habari, si ya uzima wala ya kifo. Binti yake wa pekee, wa miaka mitano, alipewa jina la huyo mjomba. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na Riziki mmoja aliyekuwa akikimbia sebuleni na soksi moja, na Riziki mwingine aliyeulizwa kwenye simu kila Jumapili. Mama Riziki akishakata simu alikuwa akiosha sufuria kwa nguvu ambayo sufuria haikuistahili, kisha ananiita nije tule.

Siku za kazi nilikuwa Smithfield, kwenye ghala la vifaa vya bafuni, napanga mabomba kwenye maboksi. Jumamosi nilikuwa mtu mwingine. Papa Deo alikuwa ameunda bendi ya watu wanne, akakodi ukumbi ule wa matofali karibu na stesheni ya Guildford, na hapo tulipiga harusi, mahari, ubatizo na sherehe za watu waliopata uraia. Alikuwa mrefu, mjane, mpole wa sauti, lakini kwenye mazoezi hakuwa na huruma. Alinifundisha kwamba mwimbaji wa ukumbini haimbii ukuta. Anaimba huku macho yanatembea: nani ameingia, nani amenuna, nani amevaa kitambaa kipya anataka kionekane. Kisha wimbo ukishapamba moto, gitaa limeanza kuzunguka, ndipo unapotupa majina. Wasiotujua hufikiri ni mbwembwe. Kwetu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukisikia mwimbaji anataja jina lako ndani ya wimbo, huwezi kubaki umekaa, hata kama mguu unauma, hata kama umegombana na mkeo njiani. Unainuka, unakwenda mbele ukicheza, unambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso au unamfuta jasho kwa leso, na watu wote wanaona kwamba upo. Kubaki kwenye kiti ni kumtukana mwimbaji, na kutotajwa usiku kucha ni jambo ambalo nimeona wanaume wazima wakilinunia miezi.

Papa Deo alikuwa na sheria moja asiyoilegeza. Siku moja nilitaja jina la mtu ambaye alikuwa ametoka nje kuvuta sigara, watu wakageuka wakatazama kiti chake, wimbo ukapoa. Baadaye, tukiwa tunakunja nyaya, aliniambia, "Furaha, jina haitupwe kwenye kiti yenye haina mtu. Hapana. Inaleta baridi." Sikubishana. Nilifikiri ni ufundi tu, jinsi mpishi anavyokukataza kufunua wali mapema.

Katikati ya mwaka alikuja Claire. Alikuwa mzungu wa miaka thelathini hivi, ameletwa harusini na bibi harusi waliyefanya kazi pamoja, na alikaa meza ya nyuma akila sambusa bila kuniondolea macho. Tulipopumzika alinifuata. Alikuwa mwongozaji wa filamu, filamu fupi ya pesa kidogo, kuhusu mama anayepokea simu ya msiba katikati ya harusi ya bintiye. Alitaka mwimbaji wa harusi awe mwimbaji wa kweli, na awe na maneno machache ya kusema kama shangazi wa bibi harusi. Alitaka bendi yetu na watu wetu pia. Nilimwelewa nusu, nikakubali yote. Nilikuwa nimechoka na mabomba, na ndani yangu kulikuwa na kitu kilichokuwa kikiniambia tangu utotoni kwamba sauti hii haikupewa ili iishie kwenye ukumbi mmoja. Nasema wazi: nilitaka kuonekana, na nilitaka kusikika. Sioni aibu.

Jikoni Mama Riziki alilipokea jambo hilo huku anakoroga bugali, hakugeuka. "Weye mutoto ya kanisa, utaenda kuimbia bazungu muziki ya dunia?" Nikamwambia ni kazi. Akakoroga tena, kisha akasema, "Bon. Nitakuja nione na macho yangu. Na nitakaa mbele." Nilijua hapo kwamba nimeshinda, kwa sababu tayari alikuwa anawaza kitenge atakachovaa.

Filamu walipigia picha Smithfield, kwenye ghala tupu mtaa wa pili kutoka kazini kwangu. Nimeigiza sehemu nyingi tangu wakati huo, nimekufa hospitalini mara nyingi kuliko binadamu anavyopaswa kufa, lakini sijasahau asubuhi ile nilipopita getini kwa supavaiza wangu nikiwa nimepakwa wanja, nikaendelea kutembea. Ndani walikuwa wametengeneza ukumbi wetu: meza za vitambaa vyeupe, maua ya plastiki, viti vyenye tepe za dhahabu nyuma. Madirisha yalifunikwa vitambaa vyeusi. Watu wetu wa Guildford na Doonside walikuwa wamejaa, wamevaa kuliko harusi yenyewe. Kulikuwa na kijana Mtanzania, Salum, mwanafunzi, aliyeajiriwa kutafsiri. Alikuwa na Kiswahili cha pwani kilichonyooka, akiniita dada kila sentensi, na akina mama walikuwa wakimuuliza maswali wasiyoyahitaji ili wamsikie tu.

Claire alitueleza. Kamera itaanza kwangu, itashuka, itapita polepole katikati ya wageni waliokaa, mpaka ifike kwa mama wa bibi harusi aliyeshika simu sikioni. Wageni wasiinuke. Tukaanza. Papa Deo akaanzisha kwa kinanda, nikaimba ubeti wa kwanza, wa pili, gitaa likaanza kuzunguka, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea: nikamtaja Mama Neema. Mama Neema akainuka na miguu yake yenye baridi yabisi, akaja mbele akicheza, akapita mbele ya kamera kama basi. Claire akasimamisha. Salum akaeleza kwa adabu kwamba asiinuke mtu. Tukarudia. Nikataja mwingine, naye akainuka. Walipolaumiwa, mzee mmoja alijibu kwamba ameitwa, na angekaa angeonekana hana heshima. Claire akaomba nitumie majina ya kubuni, ya watu ambao hawapo kabisa. Nikataja Petro. Petro wawili wakainuka. Tukacheka mpaka wapiga picha wakacheka, isipokuwa Claire, ambaye muda wa kukodi ghala ulikuwa ukimlia vibaya.

Mwishowe akaniambia niimbe bila majina. Nikaimba. Huo ulikuwa wimbo uliokatwa miguu. Papa Deo alifika mahali pa majina, akazungukazunguka pale na kinanda chake akinisubiri, nami sina cha kumpa. Wageni walikaa kimya kama walivyoombwa, wakatazama kucha zao. Mzee wa meza ya tatu alipiga miayo, na kamera ikamnasa.

Claire hakuwa mtu mbaya. Aliniita pembeni, akaongea taratibu, Salum akitafsiri. Alisema ameshaelewa tatizo. Atapeleka wimbo studio, aupate kwa mwimbaji mzoefu, utulie, kisha mimi nitachezesha midomo tu. Sura yangu ni nzuri kwenye kamera, akasema, sura haina shida. Papa Deo alikuwa karibu. Alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Kubali, Furaha. Hii ni chance. Leo mudomo, kesho sauti." Alinitakia mema, na nilimpenda kwa hilo. Nilijua kabisa ninachoweza kupoteza. Mtaa wa pili kulikuwa na maboksi yangu yananisubiri Jumatatu, na hakuna aliyekuwa akija ghala lile kutafuta waimbaji. Lakini nilijiona pia nimekaa miaka mingine mbele, nikitazama mwanamke mwenye uso wangu anafumbua mdomo na inatoka sauti ya mtu mwingine. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

"Mwambie," nikamwambia Salum, "akitaka mdomo wangu, achukue na sauti yangu. Havitembei mbalimbali. Kama hataki, atafute mdomo mwingine."

Salum alitafsiri, nadhani kwa ustaarabu kuliko nilivyosema. Akaongeza na la kwake. Alimweleza Claire kwamba hata kwao Unguja, kwenye taarabu, mtu akisikia mstari unaomhusu huinuka akatunze, kwamba mcheza kwao hutuzwa, na huwezi kumwomba mtu aimbe harusi huku umemfungia harusi nje. Claire alitazama saa. Akasema sawa, tunywe chai, halafu mara moja ya mwisho. Ikishindikana, ni studio na mwingine.

Sikunywa chai. Nilisimama nyuma ya spika nikawatazama watu wetu wakila biskuti, wanafuta midomo, wanarekebishana vilemba. Niliwatazama jinsi Papa Deo alivyonifundisha, macho yakitembea, nikitafuta nani yupo. Na kila meza niliyoitazama niliona pia nani hayupo. Nilikuwa naijua meza ya Mama Neema na mume wake aliyebaki Uvira. Nilikuwa naijua meza ya wale ndugu watatu waliokuwa wanne. Hakuna hata mmoja pale ambaye hakuacha mtu. Wazo lilinijia hivyo, bila kuitwa, na likaniogopesha, kwa sababu lilikuwa linavunja sheria ya Papa Deo waziwazi mbele yake. Lakini nikaona kwamba ni majina hayo tu ambayo yakitajwa hakuna wa kuinuka.

Tukaanza tena. Ubeti wa kwanza, wa pili, gitaa likazunguka. Nikataja Zawadi, dada yangu. Kinanda kikasita. Niligeuka kidogo nikamwona Papa Deo amenikazia macho, vidole vimesimama juu ya vitufe. Nikamtazama bila kushusha macho, na nikataja Josephine. Josephine alikuwa mke wake, aliyemzika kambini Kigoma. Hapo ndipo nilipoelewa ile sheria aliitunga kwa ajili ya nani. Nilidhani atafunga kinanda aondoke, na kama angeondoka ningeendelea bila kinanda. Hakuondoka. Vidole vyake vilishuka, akapiga taratibu, chini kidogo ya alivyozoea, akanitandikia njia. Nikapita. Nilimtaja mume wa Mama Neema. Nilimtaja yule wa nne. Nilitaja mchungaji wa kambini, na Baraka aliyekuwa akitudakia mpira. Hakuna aliyeinuka. Watu walikuwa wamekaa wima, mikono juu ya meza, na kila jina lilipopita uliona limefikia nani. Kamera ilikuwa ikitembea katikati yao bila kizuizi. Ilipokaribia meza ya mbele nilimwona Mama Riziki na kitenge chake kipya, na jina nililolisikia kila Jumapili kupitia ule ubao lilitoka lenyewe. Nikamtaja Riziki.

Mwigizaji aliyecheza mama wa bibi harusi, mwanamke wa kulipwa kutoka mjini, alikuwa akilia machozi ambayo hakuyapanga. Claire alisahau kusimamisha kamera. Tuliimba mpaka wimbo ukaisha wenyewe.

Mama Riziki alinisubiri mlangoni. Hakupandisha sauti. "Ndugu yangu hajakufa. Nani alikuambia amekufa? Umemuita mbele ya bazungu sawa vile maiti."

"Sikusema amekufa, Mama," nikamjibu. "Nilisema hayupo."

Akageuka, akaingia kwenye basi. Sikumwomba msamaha, na hata leo siombi, ingawa iliniuma. Claire alipojua, alifanya lililo sawa. Alisema jina hilo ni la familia ya yule mama, na bila ruhusa yake hawezi kulitumia. Na kwa kuwa kamera haikukatika, huwezi kulitoa jina moja ukabakisha mengine. Mama Riziki akikataa, inarudi studio, sauti ya mwingine, mdomo wangu. Walipomuuliza, alisema ataona kwanza, na macho yake, mbele ya watu, halafu atajibu. Kwa hiyo sauti yangu ilibaki mikononi mwa mwanamke ambaye tulikuwa tukila meza moja bila kuongea. Aliendelea kunipikia. Aliniwekea sombe sahani imejaa, akaisukuma mbele yangu. Jumapili alipiga simu zake kama kawaida, na nadhani alikuwa akiongea kwa sauti zaidi, ili nisikie upande wa pili wa ubao kwamba bado anatafuta. Ningeweza kuhama. Papa Deo alinitafutia chumba Doonside. Nilikataa, kwa sababu niliona kuhama ni kukubali kwamba nimetenda kosa, na kila jioni nilirudi nikakaa kwenye kiti changu nikala.

Walituonyesha filamu Desemba, mwezi wa joto huku, kwenye ukumbi wetu wa Guildford, shuka jeupe limetundikwa jukwaani, feni zinazunguka bila faida. Kulikuwa na sambusa, chips na watoto kila mahali. Mimi nilikaa kati ya Claire na Papa Deo. Mama Riziki alikaa mbele, kama alivyosema, na binti yake magotini. Hakuwa amegeuka kunitazama tangu aingie. Nilipojiona kwenye lile shuka, mkubwa vile, sikujali sura. Nilisikiliza. Ilikuwa sauti yangu, ina mikwaruzo yake, ina Uvira yake. Zawadi akapita. Josephine akapita, na mguu wa Papa Deo ukagusa wangu chini ya kiti. Kisha mimi wa kwenye shuka nikaita Riziki.

Mtoto akashuka magotini kwa mamaye. Alikuwa amekwenda harusi za kutosha kujua linalotakiwa. Akainua mikono, akaanza kwenda mbele akitikisa mabega, gauni la njano linapepea, peke yake katikati ya njia. Mama Riziki akamwita kwa sauti ya chini, "Riziki, rudi." Mtoto hakugeuka. Alijibu kwa Kiingereza, kama alivyojibu kila kitu, na watu wote wakasikia:

"But she called me."

Akafika kwenye shuka. Hakuwa na noti wala leso. Akanyoosha mkono juu mpaka mwisho wa vidole, akabandika kiganja pale alipofikia. Nilimsubiri Mama Riziki aende kumvuta. Aliinuka. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akasimama kidogo hivi, kisha akamfuata mwanawe, akicheza, uso umelowa, mikono juu, akipokea jina la ndugu yake mbele ya watu wote. Mama Neema akainuka nyuma yake na miguu yake mibovu. Wale ndugu watatu wakainuka. Vivuli vyao vikajaa shukani mpaka sura yangu haikuonekana tena, ikabaki sauti peke yake.

Claire aliinama sikioni kwangu, akaniuliza kama aisimamishe filamu. Nilimwambia asithubutu.